Inakuwaje s isiwe na 'voice' na ninaisikia? Jibu kwa mwalimu mtarajiwa wa Mtwara

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea ualimu hapa Mtwara, masomo ya Kiingereza na Kiswahili. Kitini chetu cha fonetiki kiko kwa Kiingereza, na kila neno nikilitafuta kwenye kamusi napata maana isiyoingia. 'Voice' ni sauti, kwa hiyo 'voiceless' ni isiyo na sauti. Mbona s naisikia? 'Stress' ni msongo wa mawazo. 'Liquid' ni kimiminika. Wenzangu wa Dar wananicheka kwamba nina 'accent' ya kusini, na mkufunzi anasema Kimakonde changu kina 'tone'. Je, hayo mawili ni kitu kimoja? Na nikishaajiriwa, darasani nitumie maneno gani?*

Marahaba, mwanangu. Kamusi yako haijakudanganya, ila umeiuliza jambo ambalo haikuandikwa kulijibu. Waingereza walioijenga fonetiki katika karne ya 19, akina Alexander Melville Bell na Henry Sweet, hawakuwa na haja ya kuunda msamiati mpya kwa kila kitu. Mengi waliyachukua kwenye mazungumzo ya kila siku, kwenye muziki na kwenye sarufi ya Kilatini, wakabakiza kipande kimoja cha maana na kukata vingine vyote. Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, nacho kilianzishwa na walimu wa lugha, watu wa ubao na chaki kama utakavyokuwa wewe, na walitaka maneno yanayoeleweka upesi. Yalieleweka upesi kwa Mwingereza. Sisi tunaoyafikia kupitia kamusi tunakutana kwanza na vile vipande vilivyokatwa.

Tuanze na 'voice', maana hapo ndipo pana kazi.

Weka vidole viwili juu ya kikoromeo, sema sss kwa muda, kisha bila kukata pumzi igeuze iwe zzz. Ulimi haukusogea. Meno yako palepale, na hewa inapita mlemle. Kilichobadilika kipo chini ya vidole: kwenye z kuna mtetemo, kwenye s hakuna. Mtetemo huo ndio 'voice' ya fonetiki, basi. Ndani ya koo kuna nyuzi za sauti mbili. Zikisogeleana, hewa kutoka mapafuni huzitetemesha, kwa mwanamume mzima takriban mara 100 hadi 130 kwa sekunde, kwa mwanamke takriban mara 200. Zikiachana, hewa hupita bila kuzitikisa. Kwa hiyo s ni sauti kamili, inasikika mpaka nyuma ya darasa, ila kelele yake inatoka pale hewa inapobanwa kati ya ulimi na ufizi, wala si kooni. Anayeandika kwenye mtihani kwamba 'voiceless sound' ni sauti isiyo na sauti ametafsiri kila neno sawasawa na amekosa swali.

Maana ya kila siku na ya kitaalamu hukutana mahali pamoja, nako ni kwenye kukauka sauti. Umekwenda uwanja wa Nangwanda Sijaona, umeshangilia dakika 90, kesho yake umeamka huwezi kuita mtu aliye chumba cha pili. Mwingereza atasema umepoteza 'voice'. Mtaalamu wa fonetiki naye atakubali neno kwa neno: nyuzi zimevimba, hazitetemi vizuri, umebakiwa na mnong'ono. Na mnong'ono wenyewe ni maabara ya bure. Nong'ona 'zamu', kisha 'samu'. Tofauti karibu yote imepotea, kwa sababu mtu anayenong'ona hatetemeshi nyuzi. Z yake inaporomokea kwenye s. Tunaelewana hata hivyo kwa kuwa muktadha unatubeba.

Jihadhari pia kwamba 'voice' ina kazi ya tatu kwenye kitini kingine. Ukifika kwenye sarufi utakuta 'passive voice', nayo kwa Kiswahili ni kauli ya kutendwa. Hapo hakuna koo wala nyuzi. Kiswahili kimetuokoa katika hili: sauti ni sauti, kauli ni kauli, na kwa mtetemo tuna ghuna, yenye mtetemo, na sighuna, isiyo nao. Tafuta kamusi ya istilahi za isimu iliyotolewa na TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1990, Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha. Hiyo ndiyo ya kufungua unaposoma kitini, si ile ya kawaida. Wanafunzi hulalamika kwamba 'ghuna' ni neno geni. Mimi nalipenda kwa sababu hiyohiyo. Halina maana ya mtaani ya kukupotosha.

Ila usidhani kwamba ukishapata istilahi umemaliza. Kitini kitakuambia p ni sighuna na b ni ghuna, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kweli, lakini koo hazifanyi kazi kwa namna moja. Mwaka 1964 Leigh Lisker na Arthur Abramson walipima, katika lugha 11, muda unaopita kati ya kuachia midomo au ulimi na kuanza kwa mtetemo. Ikaonekana kwamba b ya Kiingereza mwanzoni mwa neno mara nyingi huanza bila mtetemo wowote, na kinachoitofautisha na p ni hewa inayofuata p. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo, sema 'pin', kisha 'spin'. Kwa Mwingereza, kwenye 'pin' karatasi inaruka, kwenye 'spin' inatulia. Hewa hiyo huitwa 'aspiration', neno ambalo kamusi yako bila shaka ilikuambia ni matarajio au ndoto za maisha. Asili yake ni Kilatini, kupumua. Istilahi yetu ni mpumuo. Wasemaji wa lahaja za Mombasa na Lamu wanaujua vizuri: paa wa porini anatamkwa kwa mpumuo, paa la nyumba bila mpumuo. Huku kwetu wengi hawaitofautishi hiyo jozi, na hakuna anayemwinda paa la nyumba.

B yetu nayo ina lake. Sema 'bata', kisha 'mbata', ile nazi kavu. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, b ya 'bata' hutamkwa koo likishuka kidogo, hewa ikielekea kuvutwa ndani midomo inapoachana. Ya 'mbata' ni b ya kawaida, hakuna kushuka. Kwa hiyo lebo 'voiced' imezifunika zote tatu, ya Mwingereza, ya bata na ya mbata, na kila moja inafanya jambo tofauti. Lebo inakuambia sauti iko upande gani wa mgawanyo wa lugha husika. Haikuchorei kila kinachotendeka kooni.

Na kama darasani kwenu kuna mtu wa Masasi anayezungumza Kiyao, mwombe aseme kwa Kiyao 'kutuma', kisha aseme 'kunituma'. Utasikia 'kuunduma'. T imekuwa d kwa sababu imetanguliwa na n, na n inatetemesha nyuzi. Mtetemo umeendelea ukaimeza t. Kitini kitaita hali hiyo 'environment' ya t. Usikimbilie misitu na vyanzo vya maji. Mazingira ya sauti ni majirani zake wa kushoto na kulia tu.

Jambo hilohilo la majirani lipo kwenye Kiswahili chako, na nadhani ndilo wenzako wa Dar wanalolicheka: 'ntu', 'ntoto', 'nchele'. M imesogea ikakaa pale t au ch inapotamkiwa. Kiingereza kinaita 'assimilation', sisi usilimisho. Wazee wenye asili ya ng'ambo ya Ruvuma, kule Msumbiji, wanalijua neno hilo kwa uchungu mwingine. Katika utawala wa Wareno kulikuwa na tabaka la 'assimilados', Waafrika waliotambuliwa kisheria baada ya kuthibitisha kwamba wanaishi na kusema kama Mreno, na mfumo huo ulifutwa mwaka 1961. Kwenye fonetiki hakuna anayetawaliwa. Ni ulimi unaojipunguzia safari, na Mwingereza anafanya vilevile kila siku: 'in' mbele ya 'possible' imekuwa 'im', na yeye ameiandika kabisa kwenye tahajia. Yako haikuandikwa, ndiyo maana inachekwa.

Turudi kwenye orodha yako. 'Stop'. Mtaani ni kusimama, au kituo cha basi. Kwenye fonetiki ni kuziba njia ya hewa mdomoni kabisa, kama unavyofunga bomba: midomo kwa p na b, ulimi na ufizi kwa t na d, nyuma ya ulimi na kaakaa laini kwa k na g. Hapa kuna mtego mdogo ambao vitini vingi vinaupita. Neno 'stop' linataja kule kuziba. Neno 'plosive', na kipasuo chetu, yanataja kule kuachia, mlipuko unaofuata. Kwa p na t unaweza kubadilisha hilo kwa hili bila madhara. Lakini m na n nazo huziba mdomo kabisa. Hewa inapita puani, hakuna mlipuko. Ndiyo sababu utakuta kitabu kimoja kinaziita 'nasal stops' na kingine kinazitenga kabisa na 'stops', na vyote viwili viko sawa kwa hesabu zao. Kwa Kiswahili m haiwi kipasuo hata siku moja.

Na hapo kwenye pua pana kichekesho. Mtu akiwa na mafua makali tunasema anaongea kwa pua, na Mwingereza wa kawaida anasema sauti yake ni 'nasal'. Mtaalamu atasema kinyume kabisa. Pua imeziba, hewa haipiti, kwa hiyo kilichopungua ni unazali. Bana pua yako kwa vidole na useme 'mama'. Inakaribia 'baba'. 'Nani' inaelekea kwenye 'dadi'. Unazali wenyewe hutokea pale kaakaa laini, ile nyama ya nyuma yenye kimio, linaposhuka na kufungua njia ya kwenda puani. Tunachokiita king'ong'o kinaweza kuwa la kwanza au la pili: pua iliyoziba, au kaakaa lisilofunga vizuri, kama kwa mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa, ambaye hewa humvujia puani hata kwenye p na b. Masikio ya mtaani yanayaweka pamoja kwa sababu yote yanasikika si ya kawaida. Tiba zake ni tofauti, na mtaalamu anayetumia neno kimtaani hapo anaweza kumpeleka mgonjwa pasipo.

'Liquid' hatutakaa nayo sana. Ni l na r. Wanasarufi wa Kigiriki waliziita sauti za majimaji, wao wakiziingiza na m na n, Walatini wakatafsiri, Waingereza wakarithi. Usitafute maji ndani yake. Cha kukufaa ni kujua kwamba lugha nyingi za Kibantu hazina ugomvi kati ya l na r, ndiyo maana wakati wa uchaguzi utasikia watu wakihimizana kwenda kupiga kula. 'Tap' si bomba. Ni ulimi kugusa ufizi mara moja kwa haraka, kama r ya Kiswahili ya wengi wetu. 'Manner' si adabu, ni namna hewa inavyozuiwa. 'Phone' si simu, ni foni, sauti moja ya lugha kabla hujauliza kazi yake. 'Cardinal vowels' za Daniel Jones, mtaalamu wa fonetiki wa Uingereza, hazina uhusiano na Vatikani. Ni irabu za kupimia nyingine, kama vile pande kuu za dira. 'Pitch' kwa kijana wa Mtwara ni uwanja wa mpira, kwa fundi barabara wa Kiingereza ni lami, na kwenye fonetiki ni kidatu, yaani ujuu na uchini wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Kidatu nalo ni jina la bwawa la umeme kule Morogoro, kwa hiyo tusiwacheke Waingereza peke yao.

'Stress' najua inavyotumika mabwenini: usinipe stresi. Kwenye fonetiki ni mkazo, uzito ambao silabi moja inapewa kuliko jirani zake. Kiswahili kimeuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kikaacha milango michache wazi. 'Barabara' ya kupita magari ina mkazo kwenye -ba-, silabi ya tatu, ya pili kutoka mwisho. 'Barabara' kwa maana ya sawasawa ina mkazo kwenye -ra- ya mwanzo. Kiingereza hakina utulivu huo. 'Record' ikikazwa mwanzoni ni nomino, ikikazwa mwishoni ni kitenzi. Na usiwafundishe watoto kwamba mkazo ni kupaza sauti tu. Silabi yenye mkazo ya Kiingereza hurefuka, hubadilisha kidatu, na zile zisizo na mkazo irabu zake hufifia. Mwanafunzi wetu hukosea hapo kwenye kufifia, si kwenye kupaza. Anatamka kila irabu kwa uaminifu wote kama ilivyoandikwa, na Mwingereza anashindwa kujua uzito uko wapi.

Nimekumbuka moja ambayo hukuiuliza na itakusumbua zaidi darasani: 'long' na 'short'. Vitabu vya shule za msingi za Kiingereza husema a ya 'cake' ni 'long a' na a ya 'cat' ni 'short a'. Kwa fonetiki, urefu ni muda, na a ya 'cake' si a iliyorefushwa. Ni irabu nyingine kabisa, inayoanzia karibu na e na kuelekea i. Jina lake ni kumbukumbu ya historia. Katika Kiingereza cha miaka 600 iliyopita, 'name' ilitamkwa kwa a ndefu kweli, karibu na vile Mswahili angeisoma 'naame'. Baadaye irabu ndefu za Kiingereza zilihama mdomoni, tahajia ikabaki, na jina likabaki. Vivyo hivyo 'ship' na 'sheep': ukimwambia mtoto avute tu ya pili, atavuta i ya Kiswahili na hatafika. Ya 'ship' iko chini na nyuma kidogo, ulimi umelegea. Kitini kitaita hiyo 'lax' na nyingine 'tense', na tafadhali usiandike njeo, ile ya nyakati za vitenzi.

Sasa 'accent' na 'tone'. Si kitu kimoja, na mkufunzi wako na wenzako wa Dar wanazungumzia mambo yasiyokutana.

'Accent' kwa maana ya wenzako ni lafudhi, jumla ya tabia za matamshi zinazomwambia msikilizaji umetoka wapi. Mtaani neno hilo hubandikwa kwa wengine: wa kusini wanayo, wa Dar hawana. Kitaalamu hakuna asiyenayo. Mtu wa Dar anayekucheka ana lafudhi ya Dar, tena inasikika vizuri sana akishuka basi Lindi. Neno hilohilo hutumika pia kwa mkazo unaosikika katika neno, na kwa alama inayowekwa juu ya herufi, kama é ya Kifaransa. Ukikutana nalo kitabuni angalia sentensi nzima kabla hujatafsiri.

'Tone' mtaani ni jinsi mtu anavyosema: kwa hasira, kwa kejeli, kwa upole. Mama akisema hapendi 'tone' yako, analalamikia heshima. Kitaalamu ni kidatu kinachofanya kazi ndani ya neno lenyewe, kikabadilisha maana au umbo la kisarufi. Kichina ndicho mfano wa vitabuni: 'ma' kwa vidatu vinne tofauti ni mama, katani, farasi na kukaripia. Huna haja ya kwenda mbali hivyo. Kimakonde, Kiyao na Kimakua ni lugha za toni, na katika Kimakonde toni ina kazi nzito kwenye vitenzi, mahali ambapo Kiswahili kingetumia viambishi peke yake. Wewe unafanya hivyo tangu utotoni bila kufundishwa na mtu, na karibu hakuna anayeiandika.

Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Kina kiimbo: 'Amekuja.' na 'Amekuja?' Kidatu kimepanda, lakini kitenzi ni kilekile. Kilichobadilika ni kusudi la sentensi nzima. Wenye lugha za toni wakisema Kiswahili au Kiingereza huenda wakabeba vidatu vya nyumbani, na hapo toni ya lugha moja inageuka kuwa sehemu ya lafudhi katika nyingine. Nadhani hapo ndipo maneno mawili yalipokuchanganya, na si bure.

Kuhusu darasani. Kwenye kipindi cha Kiswahili tumia ghuna, kipasuo, nazali, mkazo, kiimbo; mtihani unayataka hayo. Kwenye Kiingereza huna budi kutumia ya Kiingereza. Lakini katika vyote viwili, usiandike neno ubaoni kwanza. Waache waguse koo, wabane pua, washike karatasi, wakuambie wenyewe kwa maneno yao nini kimetokea. Neno lije mwisho, kama jina la kitu ambacho tayari wamekishika. Ukianza na neno, nusu ya darasa watakuwa wameshalitafsiri kichwani kabla hujageuka. Na kwenye mtihani, wafundishe kuanza ufafanuzi kwa kiungo cha mwili: nyuzi za sauti hazitetemi, midomo imefungwa, kaakaa laini limeshuka. Jibu lililoanza hivyo ni vigumu kupotea, hata Kiingereza chake kikiwa kibovu.